Tupeane uzoefu: mliopeleka watoto gaelscoil huku Ayalandi, mlichaguaje kati ya shule na shule?

Bint Pangani (Dublin)

Wazazi wenzangu mlioko Ayalandi, salaam. Binti yetu anatimiza miaka minne mwezi wa pili, na Septemba ataingia naíonáin bheaga, lile darasa la mwanzo kabisa la shule ya msingi ya huku. Kwamba atasoma kwa Kiayalandi tumeshakubaliana nyumbani, kwa hiyo naomba uzi huu usirudi kwenye mjadala wa "kitamsaidia nini". Ninachoomba tupeane ni uzoefu wa hatua inayofuata. Ukiwa na gaelscoil mbili au tatu unazoweza kuzifikia, unachaguaje?

Kwa wasiozijua: ni shule za msingi zinazogharamiwa na serikali, zinafuata mtaala uleule wa nchi nzima, ila masomo yote yanafundishwa kwa Kiayalandi. Ziko zaidi ya 140 nje ya Gaeltacht, yaani nje ya yale maeneo ambako lugha hiyo bado ndiyo ya nyumbani. Ada hakuna, na tangu 2023 vitabu ni bure kwa shule zote za msingi, ingawa mchango wa hiari utaombwa. Nyingi zinawazamisha watoto moja kwa moja: miaka miwili ya mwanzo somo la Kiingereza halipo kabisa.

Kwetu ziko mbili. Ya kwanza tunafika kwa miguu, ina majengo ya kudumu, madarasa mawili kila mwaka, na mlezi wake, yaani mwenye dhamana ya shule, ni askofu Mkatoliki. Ya pili ni ya kupanda basi, iko chini ya An Foras Pátrúnachta, shirika linalolea shule za Kiayalandi, imesajiliwa kuwa ya dini zote, na inasomeshea kwenye vibanda vya muda ikisubiri jengo. Sisi ni Waislamu. Mume wangu anaegemea ya karibu, na sababu zake ni za msingi: mvua ya huku, na watoto wadogo wanatoka saa saba na nusu mchana.

Tulikwenda siku za wazi za shule zote mbili. Hotuba zilifanana. Kilichonikaa moyoni ni uwanjani wakati wa mapumziko. Kwenye ile ya vibanda niliwaona wasichana wakubwa, wa rang a cúig (darasa la tano) hivi, wamejitenga pembeni wanagombana kuhusu mpira, hakuna mwalimu karibu, na ugomvi wote ulikuwa kwa Kiayalandi. Kwenye ile nyingine walimu walikuwa wanaongea vizuri sana, lakini watoto wakivuka mlango tu ni Kiingereza. Mtoto wangu Kiingereza atakipata mtaani bila kutafutiwa. Kiayalandi hana pa kukipata isipokuwa hapo shuleni, na lugha ya kucheza ndiyo inayokaa.

Jambo jingine nililouliza kote: siku ya kwanza akibanwa na haja, atasemaje? Sentensi ya kuomba ruhusa ya kwenda chooni, *An bhfuil cead agam dul go dtí an leithreas*, ni ndefu kwa mtoto wa miaka minne. Shule moja walinijibu kwamba watamfundisha. Ya pili, mwalimu wa naíonáin aliniambia atamwelewa kwa lugha yoyote ile, hata akisema kwa Kiswahili, hata akishika tumbo tu. Sentensi itakuja taratibu kwa wimbo. Akaniuliza sisi nyumbani tunasemaje "choo", akaandika. Naomba uzoefu wenu.

Mtu wa Likoni (Drogheda)

Dada Bint Pangani, shukrani kwa kuufungua huu uzi. Mimi nina wawili gaelscoil, mmoja rang a ceathair (darasa la nne) na mwingine bado mdogo. Nitazungumzia dini, maana ndiyo iliyotushughulisha zaidi na sioni watu wakiiongelea wazi.

Tangu 2018 shule ya Kikatoliki haiwezi kumnyima mtoto nafasi kwa sababu hakubatizwa. Kwa hiyo kuingia, ataingia. Sasa fikiria akishaingia. Rang a dó, darasa la pili, ndio mwaka wa Komunyo ya kwanza. Kwenye shule ya Kikatoliki matayarisho hufanywa darasani, saa za masomo, na kadiri mwezi wa tano unavyokaribia ndivyo yanavyozidi: nyimbo, mazoezi ya kanisani, nguo nyeupe ndiyo hadithi ya darasa zima. Kisheria una haki mtoto wako asishiriki. Lakini asiposhiriki anakwenda wapi? Kijana wangu alikuwa anawekwa nyuma ya darasa na kitabu cha kuchora. Hakuna aliyemtukana, walimu ni watu wazuri sana, na mpaka leo nawaheshimu. Ila akija nyumbani alikuwa anauliza kwa nini yeye hafanyi wanachofanya wenzake, na Kiayalandi chote kizuri cha zile nyimbo kilikuwa kinampita.

Zile za dini zote matayarisho ya Komunyo hufanyika baada ya saa za shule, kwa wanaotaka. Darasani wanajifunza habari za dini mbalimbali. Huyu wangu mdogo yuko kwenye hiyo, na Ramadhani mwalimu alimwomba mama yake aje aeleze futari. Mama watoto alienda na kaimati, akaeleza kwa Kiingereza, mwalimu akawa anawageuzia watoto kwa Kiayalandi.

Kwa hiyo usiulize "je, Muislamu anakubaliwa?" Jibu litakuwa ndiyo kila mahali. Uliza: wakati wa dini mtoto wangu atakaa wapi, na nani, akifanya nini? Wakikujibu papo hapo, ujue wameshalifikiria. Na angalia pia neno lililoandikwa kwenye sera ya shule. Ziko za Kikatoliki, ziko za Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja, ziko za dini zote, na zote hizo tatu zinaweza kuwa chini ya mlezi huyohuyo An Foras Pátrúnachta. Jina la mlezi peke yake halitoshi.

Mama Chaurembo (Cork)

Bint Pangani mdogo wangu, hilo swali lako la choo limenigusa, kwa sababu sisi tulichagua shule kwa swali la namna hiyohiyo.

Mwanangu alichelewa kuongea. Miaka mitatu na nusu alikuwa na maneno machache ya Kiswahili na machache zaidi ya Kiingereza. Mtaalamu mmoja aliyempima akatushauri tuache Kiswahili nyumbani na tusithubutu gaelscoil, abaki na lugha moja. Nililia siku hiyo. Mama yangu yuko Morogoro, Kiingereza hajui. Nikimwondolea mtoto Kiswahili nimemwondolea bibi yake. Tukatafuta ushauri kwa mwingine, naye akatuambia tatizo la mtoto lingekuwepo hata angekuwa na lugha moja, na kwamba lugha ya nyumbani ndiyo msingi, tusiiguse.

Basi tukazungukia gaelscoil tatu na swali moja: mmewahi kuwa na mtoto aliyechelewa kuongea, na mlifanya nini? Moja wakasema kwa upole kwamba pengine shule nyingine ingemfaa zaidi. Ya pili wakasema watajitahidi. Ya tatu mwalimu mkuu alimwita mwalimu wa mahitaji maalumu, tukakaa wote kwenye vile viti vifupi vya watoto, akanionyesha anavyofanya kazi. Anachukua maneno yaleyale ya darasani wiki hiyo, anayarudia na mtoto kwa picha na vitu vya kushika, kwa Kiayalandi hichohicho, ili mtoto akirudi darasani ayakute.

Halafu akaniambia jambo ambalo sikuwahi kuliwaza. Kwenye shule ya Kiingereza mtoto wangu angeingia akiwa nyuma ya wenzake siku ya kwanza. Naíonáin bheaga ya gaelscoil karibu wote wanaingia bila lugha, wakiwemo watoto wa Waayalandi wenyewe. Kwa hiyo mwalimu anaongea polepole, anarudia, anatumia mikono, uso, nyimbo, vikaragosi. Darasa zima limetengenezwa kwa ajili ya mtoto asiyeelewa. Wangu alikuwa mmoja wao tu.

Sasa yuko rang a haon, darasa la kwanza. Anaongea. Matamshi yake bado yana kazi, na tiba ya usemi anaipata kwa Kiingereza nje ya shule, maana ya Kiayalandi ni adimu kupatikana. Hilo lizingatieni wenye watoto wenye mahitaji: vipimo na ripoti nyingi zitakuja kwa Kiingereza, na mwalimu lazima awe tayari kuzigeuza. Lakini Jumapili anaongea na bibi yake simu nzima, na bibi ameshajua kusema *maith thú*, yaani "hongera".

Mimi kwa moyo wangu wote nasema, jengo usilitazame. Mtazame mwalimu wa naíonáin, na yule wa mahitaji maalumu hata kama mtoto wako hana tatizo lolote. Anavyomwongelea mtoto mgumu ndivyo atakavyomwongelea wako siku ikimfika.

Mwana wa Bukavu (Galway)

Habari kwenu. Sisi tuko karibu na Connemara, kwenye Gaeltacht, kwa hiyo hapa Kiayalandi unaweza kukisikia hata dukani. Nina mambo mawili.

La kwanza, naíonra, yaani chekechea ya Kiayalandi. Ule mpango wa serikali wa saa tatu kwa siku bila malipo, unaoanza mtoto akifikisha miaka miwili na miezi minane, unatumika huko pia. Binti yetu alianzia hapo, na sheria ya usajili ya 2018 inairuhusu shule ya Kiayalandi kumpa kipaumbele mtoto ambaye tayari anaongea lugha kwa kiwango cha umri wake. Waulize shule zako mbili kama wanatumia kigezo hicho na wanakipimaje. Nyingine zinatenga pia nafasi kwa watoto na wajukuu wa waliosoma hapo. Sheria inaruhusu hadi robo ya nafasi. Sisi wageni hatuna babu aliyesoma hapo, kwa hiyo shule inayotumia kigezo hicho inatupunguzia bahati.

La pili, kusoma. Ziko gaelscoil zinazoanza kusomesha herufi kwa Kiayalandi, ziko zinazoanza na Kiingereza. Sisi tulichagua ya kuanza na Kiayalandi kwa sababu ndiyo lugha aliyokuwa anaisikia mchana kutwa. Ikatubidi kuvumilia: rang a haon watoto wa jirani wa shule za Kiingereza walikuwa wanasoma vitabu vinene, wetu bado. Majaribio ya nchi nzima yanafanywa rang a dó, a ceathair na a sé (la pili, la nne na la sita). Alipofika rang a ceathair, kusoma kwake Kiingereza kulikuwa juu ya wastani. Mzazi asiyeweza kustahimili kipindi hicho cha katikati achague ile nyingine, si vibaya.

Lahaja msiihofie. Mwalimu wa Donegal atasalimia *cad é mar atá tú*, wa kwetu atasema *cén chaoi a bhfuil tú*, wa Kerry *conas atá tú*. Watoto wanazishika zote.

Baba Wawili (Limerick)

Mimi naleta upande ambao haujasemwa. Sisi ni wapangaji, kama wengi wetu humu. Mwanangu alikuwa rang a trí (darasa la tatu), anafurahi, mwenye nyumba akauza. Nyumba tuliyopata iko mji mwingine. Gaelscoil ya huko ilikuwa imejaa, darasa lake halikuwa na hata nafasi moja, akaingia shule ya Kiingereza. Watu wananiambia "si atakuwa wa kwanza kwenye somo la Kiayalandi". Ni kweli, ndiye wa kwanza. Lakini ile lugha aliyokuwa anaotea ndoto imebaki ya nusu saa kwa siku, na inaniuma.

Kwa hiyo, dada, kama mnapanga, tazameni ramani. Mkilazimika kuhama kilomita kadhaa, ni shule ipi kati ya hizo mbili mtaweza bado kuifikia? Ile ya kwenye njia ya basi inaweza kuwa na usalama zaidi kuliko ya jirani. Na ulizeni wanaomaliza rang a sé wanakwenda wapi. Kama hakuna sekondari ya Kiayalandi karibu, miaka minane inaishia hapo. Pale penye gaelcholáiste, yaani sekondari hiyo, uliza kama shule yako iko kwenye orodha yao ya shule wanazozipa kipaumbele.

Mtu wa Likoni (Drogheda)

Kaka Baba Wawili, pole sana. Mwekee Cúla4 nyumbani, ile chaneli ya watoto ya Kiayalandi, katuni zote ni Kiayalandi. Wangu wanasikiliza pale maneno ambayo hata kitabuni hayapo.

Bint Pangani (Dublin)

Nimewasoma wote, na mume wangu nimemsomea kwa sauti. Hoja ya ramani ndiyo iliyomgeuza. Hatukuwa tumefikiria kwamba ile ya mbali iko kwenye njia ya basi inayopita mitaa yote tunayoweza kumudu kodi yake.

Nimewapigia simu ile ya karibu nikauliza swali la Mtu wa Likoni. Katibu alikuwa mpole, akasema kila mwalimu ana utaratibu wake. Ile ya vibanda wakanitumia ukurasa mzima wa sera, na wakaniambia darasani mwao kuna watoto watano wenye lugha nyingine nyumbani.

Tumeamua kuomba zote, tukiitanguliza ya vibanda. Kwa mtakaofuata nyuma yetu: shule haziruhusiwi kupokea maombi kabla ya tarehe 1 Oktoba ya mwaka unaotangulia ule wa kuanza shule. Tangazo lao la usajili lazima lionyeshe mwaka uliopita walipata maombi mangapi na nafasi ziligawiwaje, kwa hiyo lisomeni kabla ya kujaza chochote. Mkikataliwa kwa sababu shule imejaa, andikieni bodi ya shule kwanza iupitie upya uamuzi, ndipo mkate rufaa chini ya kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu. Ripoti za ukaguzi wa kila shule ziko wazi mtandaoni. Baadhi ya gaelscoil ripoti yao ni kwa Kiayalandi, mimi nilimwomba jirani yangu anisomee.

Mama Chaurembo, dada yangu, nitakuandikia pembeni kuhusu yale maswali ya mwalimu wa mahitaji maalumu. Mwenye mtoto aliyeanza kwenye vibanda vya muda naye aje atueleze majira ya baridi yalikuwaje.