MJADALA: Kisumu ya Oktoba 1969 ifanyiwe filamu ya mapenzi?

Mfungua Mjadala (Kisumu)

Wadau, tuseme amejitokeza mtayarishaji wa filamu ya mapenzi na taharuki, pesa anazo na skripti iko tayari. Kijana wa Kisumu na msichana wake wanapendana, kuna siri, kuna kufuatwafuatwa na makachero, na yote yanatokea wiki ile ya tarehe 25 Oktoba 1969. Tumpe baraka au tumwambie akatafute hadithi kwingine?

Kwa vijana ambao hawajasimuliwa: Waziri Tom Mboya alipigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai mwaka huo. Miezi mitatu na ushei baadaye Mzee Jomo Kenyatta akaja huku kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ile ambayo wenyeji bado wanaiita Russia ingawa kibao kina jina la Jaramogi. Kenyatta na Jaramogi Oginga Odinga, kiongozi wa upinzani, wakarushiana maneno hadharani, vurugu zikazuka, walinzi wakafyatua risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Wakazi hawajawahi kuikubali hesabu hiyo. Kabla mwezi haujaisha chama cha Odinga, KPU, kikapigwa marufuku, viongozi wake wakawekwa kizuizini, na Bunge likabaki na chama kimoja.

Najua mtaniambia filamu za namna hii huwa za nchi zilizopinduliwa, na huku serikali haikupinduliwa. Sawa, haikupinduliwa. Lakini muulize mtu aliyelala Kisumu usiku wa tarehe 25 kama nchi aliyoamka nayo asubuhi ndiyo ileile.

Mimi nasema itengenezwe. Wanaodhani mapenzi yanalishusha hadhi jambo zito, naona hawajatazama kwa makini filamu za mapenzi katikati ya machafuko ya kisiasa. Chukua *The Year of Living Dangerously* ya mwaka 1982. Mwanahabari Mwaustralia anafika Jakarta, Indonesia, mwaka 1965, Rais Sukarno akiwa amebanwa kati ya jeshi na chama cha kikomunisti. Anampenda mwanamke anayefanya kazi ubalozi wa Uingereza. Yule mwanamke anapata habari za siri kwamba shehena ya silaha inakuja kwa wakomunisti, naye anamnong'onezea mpenziwe ili ajiokoe, aondoke mapema. Jamaa badala ya kuondoka anaona amepata habari ya ukurasa wa kwanza. Alipewa siri kwa mapenzi, yeye anaipeleka sokoni. Hapo huwezi kutenganisha mapenzi na siasa hata ukitumia panga, na hakuna kitabu cha historia kitakachokuonyesha usaliti wa namna hiyo kwa dakika kumi.

Kinachonikera ni mwisho wake. Wapenzi wanakutana mlangoni mwa ndege, wanakumbatiana, basi. Kwa Waindonesia ndiyo kwanza balaa linaanza: wanahistoria wengi wanakadiria waliouawa miezi iliyofuata ni nusu milioni au zaidi. Hao hatukai nao. Tunapanda ndege na wageni wawili.

Kwa hiyo sharti langu kwa filamu ya Kisumu ni moja. Wapenzi wake wawe watu wasio na ndege. Karibuni.

Mjukuu wa Nyalenda

Omera, umeandika vizuri, lakini mimi nasema hapana.

Kuna nyumba huku ambazo hiyo tarehe haitajwi mezani. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliwasikiliza watu, ikaandika, ikakabidhi ripoti yake kwa rais Mei 2013. Iko wapi? Waliopoteza ndugu wamelipwa nini? Hata mahali pa kuweka maua tu! Sasa kabla ya yote hayo, mtu aje na kamera atuonyeshe kijana na msichana wakishikana mikono pale Dunga jua likitua, halafu risasi zilie kwa mbali kama muziki wa kuwachangamsha?

Na hilo neno "taharuki" linanipa shida. Taharuki maana yake mtazamaji anakaa ukingoni mwa kiti akijiuliza nani atakufa, na anafurahia kujiuliza. Waliokufa 1969 hawakuwa fumbo la kumburudisha mtu. Waanze na majina ya marehemu, ndipo waje na busu.

Konda wa Kisumu–Nakuru

Bila busu nani atalipa kiingilio? Nendeni kibanda chochote cha sinema pale Kondele muone watu wanataka nini. Wanataka DJ Afro atafsiri, stelingi asife, na dem awe mkali. Mkileta filamu ya majina ya marehemu mtaitazama nyinyi wawili na mwalimu.

Mwalimu wa Historia, Kakamega

Nimetajwa, basi nije.

Konda ameweka mzaha lakini ndani yake kuna hofu yangu mimi kama mwalimu. Wanafunzi wangu hawasomi ripoti za tume. Watatazama filamu. Na wakishaitazama, hiyo ndiyo itakuwa historia yao. Mwongozaji akiamua kwamba aliyefyatua risasi ya kwanza alifanya hivyo kwa wivu wa mapenzi (msicheke, waandishi wa skripti hufanya mambo kama haya), mimi nitatumia miaka ishirini darasani kuifuta risasi hiyo.

Kama mnataka hadithi ya mapenzi na hatari, mbona mnaiacha Agosti 1982? Mwezi Juni mwaka huo Katiba inabadilishwa, Kenya inakuwa nchi ya chama kimoja kisheria. Jumapili ya tarehe 1 Agosti, alfajiri, askari wa Jeshi la Anga wanateka kituo cha Sauti ya Kenya. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela anatolewa kwake na kulazimishwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Kabla jua halijatua jeshi la nchi kavu limeshakomboa kituo. Hezekiah Ochuka, mwanajeshi wa cheo cha chini aliyekuwa mbele ya jambo lile, anakimbilia Tanzania kwa ndege, anarudishwa Kenya mwaka uliofuata, ananyongwa 1987. Jeshi la Anga lenyewe linavunjwa.

Hapo taharuki huhitaji kuibuni, saa inajihesabu yenyewe. Mweke kijana wa Jeshi la Anga ambaye hajui lolote, alikuwa likizoni kwao Siaya, na mchumba wake mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako wanafunzi walikuwa wametoka barabarani kushangilia. Jumatatu wote wawili wanatafutwa. Anayejua mwenzake alipo ndiye atakayeulizwa. Mapenzi na hofu vikiwa nyumba moja namna hiyo, mimi mwenyewe nitanunua tiketi.

Binti Bondeni (Nakuru)

Wanaume mmeongea sana, na kila hadithi mliyotaja mwanamke kazi yake ni kunong'oneza siri au kungoja mchumba. Mfungua Mjadala, mwanamke wako wa ubalozi, toa ile siri, anabaki na nini? Anabaki kusubiri ndani ya ndege. Cha kushangaza, kwenye filamu hiyohiyo aliyeng'ara kuliko wote ni mwanamke, Linda Hunt, aliyemwigiza mpiga picha mwanamume, Billy Kwan, akapata Oscar. Ndiye pekee anayeingia vibandani kwa maskini na kuwajua kwa majina. Na hadithi ikamuua.

Basi mimi nitawapa wa kwangu. Nesi. Ameajiriwa hospitali mpya, sare yake imepigwa pasi, amepangwa mstari wa kumlaki rais. Mchumba wake ni mtu wa KPU, wamekosana asubuhi kwa sababu hiyo. Saa chache baadaye hasalimii wageni tena, anafunga majeraha, na kila machela inayoingia anaangalia viatu kabla ya uso. Mnaona? Huyo hana pa kukimbilia, na hamngoji mtu, yuko kazini.

Lakini mnajadili kama kwamba ruhusa ni yetu kutoa. Mjukuu anataka ruhusa ya familia, Mwalimu anataka ruhusa ya ukweli. Ruhusa ya serikali je? Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inadai leseni kabla ya kupiga picha, na uwasilishe maelezo ya matukio pamoja na maneno yatakayosemwa. Filamu ya 1969 wataisoma kwa darubini.

Sisi wa Nakuru hatuhitaji kusimuliwa. Aprili 2025 tamasha la kitaifa la drama lilikuwa hapa. Wasichana wa Butere walikuja na *Echoes of War*, mchezo wa Cleophas Malala, baada ya Mahakama Kuu kuamuru waruhusiwe kushiriki. Malala akakamatwa kabla hawajapanda jukwaani. Wasichana wakaingia, wakaimba wimbo wa taifa, wakakataa kuigiza, wakaondoka. Nje polisi walikuwa wanarusha vitoza machozi. Na haikuwa mara ya kwanza kwa shule hiyo, maana 2013 mchezo wao *Shackles of Doom*, pia wa Malala, ulipigwa marufuku hadi mahakama ikaingilia. Kama mchezo wa watoto wa shule unahitaji jaji, filamu ya Russia itahitaji nini?

Mfungua Mjadala

Binti Bondeni, nesi wako nimemchukua. Sina la kuongeza hapo.

Mwalimu, 1982 ni hadithi kubwa, na siikatai. Ila angalia umeiweka wapi: stesheni ya redio, Chuo Kikuu, Nairobi. Nairobi ina filamu zake. Nataka kitu ambacho mtu wa Obunga akitazama anatambua barabara.

Nimjibu Mjukuu, kwa sababu ndiye aliyenigusa. Unasema majina kwanza, filamu baadaye, kana kwamba yako kwenye foleni moja na filamu imeruka mstari. Miaka zaidi ya 50 hakuna filamu kubwa ya mapenzi iliyotengenezwa kuhusu siku ile. Je, kutokuwepo kwake kumeleta majina? Kumeleta fidia? Ukimya tumeujaribu kwa muda mrefu wa kutosha kujua matunda yake.

Halafu hili la mapenzi kuwa mzaha. Ripoti ya tume inaweza kukuambia mtu alisimama wapi na risasi ilitoka upande gani. Haiwezi kukuambia kwamba alikuwa amevaa shati jipya kwa sababu kuna msichana alimwahidi kukutana naye baada ya sherehe. Watu walienda pale wamevaa vizuri! Ilikuwa siku ya kufungua hospitali, si ya maandamano. Wengi walienda kutazama na kutazamwa. Ukiondoa hilo umewaondoa wao, umebaki na hesabu, mara 11, mara zaidi.

Kuhusu serikali, Indonesia ile filamu ilipigwa marufuku miaka mingi, hadi enzi ya Suharto, aliyemrithi Sukarno, ilipopita. Haikupigwa picha Jakarta. Walienda Ufilipino, wakatishiwa, wakamalizia Australia. Kwa hiyo wenye hadithi ndio waliokuwa wa mwisho kuiona. Hilo ndilo naliogopa kuliko bodi yoyote ya filamu. Nataka waigizaji waongee Dholuo na Kiswahili, na ionyeshwe Kisumu kabla ya tamasha lolote la Ulaya.

Mjukuu wa Nyalenda

Shati jipya. Umenipata kidogo hapo, sitakudanganya.

Lakini hujagusa jambo moja, na hakuna aliyeligusa. Yule mlinzi aliyefyatua. Kwenye filamu lazima awe na uso. Atakuwa na jina? Ataongea lugha gani na wenzake ndani ya gari? Filamu ya taharuki inataka adui, na adui wa hadithi hii tayari mnajua watu watamsoma kama kabila gani. Mtaionyesha Kisumu, sawa, watu watalia. Mkiionyesha Nakuru?

Binti Bondeni (Nakuru)

Mkiionyesha Nakuru nitakuwa ndani. Na najua unachouliza, kwa sababu Januari 2008, vurugu za baada ya uchaguzi, nilikuwa hapa na niliona majirani wakigeuka.

Jibu langu ni kwamba huyo mlinzi apewe nafasi, tena kubwa. Msimfiche nyuma ya miwani myeusi. Naye ana mke aliyemwacha nyumbani, ana bosi, ana amri ambayo aliisikia au alidhani ameisikia. Ukimfanya zimwi, kabila zima linageuka zimwi. Ukimfanya mtu, inabidi tuulize nani alimpa bunduki na kumwambia umati ule ni hatari. Swali hilo linapanda juu, haliendi kwa jirani yangu wa Bondeni.

Konda wa Kisumu–Nakuru

Sasa stelingi ni nesi au ni mlinzi? Mmeniacha njia panda.

Mwalimu wa Historia, Kakamega

Konda, ni nesi.

Na huyo anayeandika skripti, kama yupo anatusoma, asianze na kamera. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1969 leo amepita 75. Manesi wa wakati ule, waendesha teksi, waliokuwa watoto wa shule waliopangwa barabarani na bendera, wengine bado wapo Kisumu, Maseno, Ahero. Aende na kinasa sauti, aulize walivaa nini, walikula nini asubuhi ile, walienda na nani. Nauli kutoka Kakamega nitajilipia mwenyewe, kuna wazee wawili watatu ninaoweza kumfikisha kwao.

Mjukuu wa Nyalenda

Mwalimu, ukienda nipitie. Bado nasema hapana kwa hiyo filamu, lakini kwa wazee nitakupeleka mimi.