Ngome ya Himeji au ya Osaka?

Mgeni_wa_Jumapili: Wakuu, niko Osaka, Japani, kikazi, Jumapili ni yangu. Nataka ngome ya kweli ya enzi za ukabaila. Niende ipi?

Msafiri_Tanga: Himeji, mkuu, kama saa moja kwa treni. Ya Osaka nzuri kwa picha, ila mnara wake ni zege la 1931, una hadi lifti. Mnara wa Himeji ni wa mbao, ulikamilika 1609 chini ya kabaila Ikeda Terumasa. Utavua viatu mlangoni. Mimi soksi ilikuwa na tundu, kidole nje ghorofa zote! Ngazi zimesimama kama za kupandia darini, nilishuka kinyumenyume. Angalia matundu ya ukutani: mengine ya mishale, mengine ya bunduki. Njia nayo inazungukazunguka makusudi, adui apotee huku anapigwa.

Binti_Pwani: Hao makabaila walimtii nani?

Msafiri_Tanga: Shoguni, mtawala wa kijeshi wa Japani. Kuanzia 1635 daimyo, yaani kabaila mwenye eneo lake, alitakiwa kuishi Edo, Tokyo ya leo, kwa zamu: mwaka huku, mwaka kwake. Mke na mrithi wanabaki Edo kama rehani. Msafara tu ulimkausha mfuko, vita angepigana na nini?

Mgeni_wa_Jumapili: Himeji basi. Soksi nanunua leo.