Mjane wa miaka 46 na meja mstaafu: ndugu wana haki ya kukataa?

Mama Kampemba: Jambo kwenu, wana-Lubumbashi. Naleta neno la mdogo wangu, kwa ruhusa yake. Ana miaka 46, ni mjane, anauza bitenge soko la Mzee, ana watoto watatu, wa mwisho ana miaka 11. Mwaka huu ametokea bwana wa miaka 58, meja mstaafu. Aliingia jeshini wakati wa Mobutu, 1997 akapelekwa kambi ya Kitona na wenzake wa FAZ, jeshi la Mobutu, baadaye akarudishwa kazini, akapigana upande wa Pweto. Bibi yake wa ndoa alikufa. Wanafahamiana kutoka parokiani, hakumfuata gizani. Amekuja nyumbani na wazee wawili akajieleza vizuri. Ndugu wamekataa hapohapo, wamesema tu "soda ni soda", yaani askari ni askari. Nauliza: mtu aliyekwisha kuvua magwanda tunamhukumu kwa magwanda mpaka lini? Na mwanamke wa miaka 46 anahitaji ruhusa ya nani?

Papa wa Ruashi: Mama, ndugu zako wana akili. Sisi hatuchukii jeshi, tumeliona. Afisa wa umri huo amepita Kamina, Kananga, Kinshasa, labda na Kisangani. Kila mahali alipokaa miaka miwili kuna mke wa kambini na mtoto mwenye jina lake. Leo ni mstaafu, hana gari, hana walinzi, anatafuta mjane mwenye biashara amtunze. Huyo hajaja kuoa, amekuja kupumzika.

Yaya Kamalondo: Mama Kampemba, kabla ya jeshi kuna jambo kubwa zaidi. Mdogo wako anakaa wapi? Kama ni katika parsele, yaani kiwanja na nyumba, ya marehemu mumewe, asikilize vizuri. Sheria ya Familia (Code de la famille) ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya urithi. Mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyokaa na mumewe, lakini akiolewa tena, na kama marehemu ameacha watoto, haki hiyo inakoma. Nyumba inabaki ya watoto. Hilo lizungumzwe kwanza, awe anaolewa na meja au na shemasi.

Binti wa Vangu: Papa wa Ruashi, rudia hilo neno lako "mke wa kambini". Mimi nimezaliwa Kambi Vangu. Mama yangu ndiye huyo unayemtukana. Aliolewa kwa mahari, kwa misa, mbele ya wazazi wa pande zote mbili. Baba alipokuwa vitani miezi na miezi, mshahara hauji, yeye ndiye aliyelima mahindi nyuma ya kambi na kuuza mkaa ili tusome. Nyinyi mjini mlikuwa mnalala kwa sababu waume wa wanawake hao walikuwa porini. Usituite watoto wa barabarani.

Papa wa Ruashi: Sijamtaja mama yako. Nimesema maafisa wanaacha wanawake kila mahali, na kila mtu hapa anajua ni kweli. Ukiona nimemgusa mama yako, ni wewe uliyemweka hapo.

Binti wa Vangu: "Kila mtu anajua." Taja mmoja unayemjua kwa macho yako.

Papa wa Ruashi: Jirani yangu. Alipokufa, siku ya kilio walifika wanawake wawili ambao bibi yake hakuwahi kuwasikia, kila mmoja na watoto. Mwili ulikaa mochwari wakati familia zinagombania nani atalala mbele. Niliona mwenyewe, nilikuwa katika kamati ya kilio.

Mwalimu wa Katuba: Jambo hilo linatokea hata kwa wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi, na kwa wachuuzi wa mpakani Kasumbalesa. Lakini mimi nina swali lingine kwa huyo meja. 1991 alikuwa wapi? Wakubwa wa hapa mnakumbuka jinsi mji ulivyoporwa na waliopaswa kuulinda. Maduka ya katikati ya mji mengine hayajafunguka tena mpaka leo. Baba yangu alipoteza kila kitu. Mtu akija kuoa katika familia yangu na alikuwa soda wa Mobutu, nitamuuliza hilo kabla ya kumpa kiti.

Fundi Kenya: Miye niko na ulizo moya tu. Mujane wa miaka 46, bado banamulipia mahari? Ya nini? Mahari ni ya uzazi. Uyu atazala?

Mama wa Bongonga: Fundi, shika adabu. Mahari ni heshima kwa waliomlea. Tumbo halina bei.

Fundi Kenya: Heshima ilisha kulipiwa mara ya kwanza. Mbuzi moya haiuzishwe mara mbili.

Mama wa Bongonga: Umemfananisha dada wa watu na mbuzi! Wewe una dada? Una mama? Mwanamke aliyezika mume, akalea watoto watatu kwa kuuza bitenge kipande kwa kipande, ndiye unamwita mbuzi?

Tonton Gambela: Fundi amesema vibaya, lakini swali lake lina uzito. Kwetu mjane akiolewa tena, mahari hii inakwenda kwa nani? Kwa wazazi wake? Au familia ya marehemu inataka kurudishiwa ile ya kwanza? Nimeona vikao vimevunjika kwa hilo tu.

Mama wa Bongonga: Ya kwanza hairudi! Mume amekufa, mke hajamtoroka. Amewazalia watoto watatu wenye jina lao, bado wanadai nini?

Yaya Kamalondo: Sheria inataka mwanaume na familia yake wakubaliane na wazazi wa mwanamke juu ya mahari. Umri haukutajwa, na mjane hakutengwa. Inaweza kuwa kidogo, inaweza kuwa kubwa, lakini kuna kitu cha kutoa. Na mwenye kupokea ni upande wa mwanamke. Sasa Mama Kampemba, bado hujanijibu habari ya nyumba.

Tonton Gambela: Sheria ya Kinshasa. Huku kwetu wazee wana utaratibu wao.

Yaya Kamalondo: Tonton, sheria hiyo inasomwa hata katika komini, ofisi ya manispaa, hapa Lubumbashi. Afisa wa komini hafuati utaratibu wa wazee wako ukipingana na sheria.

Papa wa Ruashi: Mimi nilioa mara ya pili baada ya kufiwa. Nilitoa mahari kamili, nikaongeza koti kwa baba mkwe. Lakini huyo meja atatoa nini? Pensheni ya jeshi tunaijua. Wengine walikaa miaka na miaka kwenye orodha ya wanaosubiri kustaafishwa, hawafanyi kazi wala hawaachiliwi.

Binti wa Vangu: Unaona? Sasa unawaonea huruma. Asubuhi walikuwa wezi wa wanawake.

Mzee wa Kisanga: Nimesoma kuanzia juu. Mimi ni kapteni mstaafu. Nilipita Kitona mimi pia. Mwalimu wa Katuba, 1991 sikuwa Lubumbashi, na waliopora waliniaibisha kuliko wewe. Lakini swali lako ni halali, na mtu anayekataa kulijibu asipewe binti.

Sitaki kumtetea meja nisiyemjua. Nitasema yale ambayo mwanamke hawezi kuyaona katika ziara ya Jumapili. Mtu aliyeishi miaka 30 akiamka kwa filimbi hajui kukaa nyumbani. Asubuhi ya kwanza ya kustaafu ni nzuri, mwezi wa pili ni mgumu. Hana wa kumpa amri, hana wa kumpa saluti, anaanza kuwaamrisha watoto wa nyumba. Wengine tulipiga kelele usiku. Waliokuwa Pweto Desemba 2000 waliona jeshi zima likikimbilia ng'ambo, Zambia, silaha zimeachwa kando ya ziwa. Mambo hayo hayaishi siku unaporudisha magwanda. Bibi yangu alijifunza kutoniamsha kwa kunigusa, ananiita kwa jina kutoka mlangoni. Alinivumilia, na mimi nilikubali kwenda kuongea na padri aliyezoea watu kama sisi.

Kwa hiyo mdogo wako atazame vitu vichache. Anaongeaje na mtoto wa miaka 11 anapomwaga maji mezani? Anakunywa saa ngapi, na nini? Ana rafiki asiye askari? Anafanya kazi gani kwa mikono yake siku hizi? Mstaafu anayelima au anayefuga kuku ni tofauti na mstaafu anayekaa baa akisubiri wakati wake urudi.

Mama Kampemba: Mzee, Mungu akubariki. Ana shamba upande wa barabara ya Kasenga, analima mahindi na mboga. Bia anakunywa, si ya kulewa. Habari ya usiku sijui, nitamwambia mdogo wangu aulize bila aibu.

Mwalimu wa Katuba: Kapteni, umejibu kama mtu. Lakini simjui meja.

Fundi Kenya: Ulizo yangu haijajibiwa. Mahari ya miaka 46 ni ngapi? Dola 300? 500?

Mama wa Bongonga: Ni zaidi ya ile uliyotoa wewe, hilo nina hakika.

Fundi Kenya: Mama, usiingie mu nyumba yangu.

Tonton Gambela: Na watoto wa meja? Wamekubali? Watoto wakubwa wanaogopa mama mpya kuliko nyinyi mnavyoogopa bunduki. Wataona parsele ya baba yao inakwenda kwa mwanamke wa bitenge.

Yaya Kamalondo: Kwa hiyo karatasi ni kwa pande zote. Meja alete cheti cha kifo cha bibi wake. Papa wa Ruashi, wale wanawake wa kwenye kilio, kama marehemu alikuwa amewatambua watoto wao akiwa hai, watoto hao wanarithi sawa na wa ndani ya ndoa. Ndiyo maana anapaswa kuulizwa leo, akiwa mzima, mbele ya wazee wake wawili: una watoto wangapi, wako wapi, umewaandikisha? Afisa wa kweli ataandika majina. Na nyumba, Mama Kampemba. Mara ya tatu nauliza.

Mama Kampemba: Yaya, nilikuwa sitaki kufika huko. Anakaa katika parsele ya marehemu. Nyuma kuna vyumba vinne vya kupangisha. Kodi ya vyumba inachukuliwa na ndugu wa marehemu tangu msiba, wanasema wanawawekea watoto. Niliposema "ndugu wamekataa", wa kwetu ni mmoja tu, kaka yetu mkubwa. Wengine ni hao shemeji. Ndio waliopiga kelele zaidi juu ya jeshi.

Mama wa Bongonga: Eee! Sasa tumefika!

Binti wa Vangu: Kumbe tangu asubuhi tunatukanwa sisi watoto wa kambi kwa sababu ya vyumba vinne.

Papa wa Ruashi: Hilo halibadilishi niliyosema juu ya maafisa.

Tonton Gambela: Shemeji wana hoja pia. Nyumba ya ndugu yao isiingiwe na mwanaume mwingine. Mimi nisingekubali.

Yaya Kamalondo: Hakuna aliyesema ataingia. Akiolewa atoke, aende kwa meja au wapange nyumba. Watoto ndio wenye parsele, na mkubwa wao amekwisha kuwa mtu mzima kama nimeelewa. Risiti za wapangaji zinaandikwa kwa jina la nani?

Mama Kampemba: La shemeji mkubwa. Mtoto wa kwanza ana miaka 22, yuko UNILU, chuo kikuu. Hajawahi kuona franga moja ya vyumba hivyo. Ada analipiwa na mama yake kwa bitenge.

Mzee wa Kisanga: Basi huyo kijana ndiye aitwe kwenye kikao kijacho, akae mbele ya baba zake wadogo. Na meja asikanyage hapo siku hiyo. Akija, watasema ametumwa na bunduki.

Yaya Kamalondo: Kweli. Kijana aende na nakala ya cheti cha kifo cha baba yake na hati ya parsele, kama mama yake ameificha vizuri. Waanze na risiti. Ndoa itazungumzwa kikao kingine.

Fundi Kenya: Na mahari je?

Binti wa Vangu: Papa wa Ruashi, bado nakusubiri kuhusu mama yangu.