Mrejesho: Mzee wangu na saratani ya ini iliyosambaa tumboni

Wakuu, niliuliza hapa kama mzee wangu (miaka 61), ambaye saratani ya ini imemwotea vivimbe kwenye utando wa tumbo, anaweza kupasuliwa vikatolewa vyote.

Tumeonana na daktari bingwa. Kwa hali yake, hapana. Upasuaji huo hufanyiwa wachache: vivimbe viwe vichache na vya kufikika, uvimbe wa kwenye ini uwe umedhibitiwa, na ini lenyewe liwe bado na nguvu. La mzee limesinyaa, macho ya njano, tumbo limejaa maji. Kisu kingeweza kulifanya ligome kabisa. Nilibisha, nakiri, nilishatangaza kuuza hadi kiwanja.

Wametoa maji lita nne, wakampa morfini ya kunywa. Usiku ule alilala mpaka alfajiri, akaamka anaulizia uji!

Chanzo ni homa ya ini B. Nyumbani tumepima wote. Mdogo wangu kakutwa nayo, ameanza kliniki. Sisi wengine tumechoma chanjo ya kwanza, bado mbili.

Mkuu uliyeniambia niulize hali ya ini kabla ya bei ya upasuaji, asante. Kiwanja sijauza.