Kupasha joto chumba cha bustanini: hita ya mafuta, AC au jiko la kuni?

KibandaChangu: Wadau habari, nina kibanda cha mbao nyuma ya nyumba, mita 3 kwa 4, kuta ni mbao tupu za mm 44, ndo ofisi yangu siku hizi. Baridi yake mpaka vidole vinakufa ganzi kwenye kibodi. Nina hita ya feni ya wati 2000, inavuma kutwa nzima kama ndege inataka kupaa na nikiizima dakika kumi tu baridi imesharudi. Nawaza hita ya mafuta (ile ya umeme yenye mafuta ndani), AC ya inveta (inayopasha joto pia) au jiko la kuni. Ipi hailambi umeme?

fundi_mbao: Mkuu kabla hujanunua chochote ziba kwanza. Ubao wa mm 44 unazuia joto sawa na pamba ya glasi ya kama mm 12 tu, yaani hapo unapasha joto bustani. Anza na paa na sakafu. Washa kijiti cha udi upitishe taratibu chini ya mlango na kwenye kona, moshi ukipinda hapo ndo pa kuziba. Ila kuta za hivyo usizikaze na fremu moja kwa moja, mbao zinavimba na kusinyaa, ukizibana zinapasuka au zinaacha nyufa, matundu ya skrubu yawe marefu ili zicheze.

DadaSpana: Namuunga mkono fundi. Halafu hayo ya hita ya mafuta kula umeme kidogo ni maneno tu, iwe feni iwe mafuta uniti moja ya umeme inatoa uniti moja ya joto, tofauti ni kwamba ya mafuta inakawia kupata moto, inakawia kupoa, na haina kelele. AC ndo habari nyingine maana inavuta joto lililoko nje inaliingiza ndani, uniti moja inaweza kukupa hata tatu, japo nje kukiwa na baridi kali inapungua.

mzee_wa_kuni: Jiko la kuni raha yake mwenyewe 😂 nililifunga la kilowati 5 kwenye chumba kama chako, nusu saa nimebaki na singlendi, mlango wazi, nje theluji. Ukilibana hewa lipoe, kioo kinakuwa cheusi na bomba linajaa masizi.

KibandaChangu: Na zile hita za mtungi wa gesi, za magurudumu unazisukuma?

DadaSpana: Hapana kaka. Kilo moja ya gesi ikiungua inatoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji kama mvuke, yote yataishia kwenye vioo na ukungu kwenye mbao. Na ukishaziba chumba, kaboni monoksaidi haina harufu, unasinzia ndo basi tena. Jiko la mkaa usiliwaze kabisa.

fundi_mbao: Kwani unakaa humo muda gani? Kama ni kutwa, AC. Kama ni lisaa limoja jioni, paneli ya infraredi (bamba la umeme linalotoa mionzi ya joto) juu ya meza inatosha, inakupiga wewe moja kwa moja, haihangaiki na hewa.

KibandaChangu: Masaa tisa kila siku. Nimepitisha udi sasa hivi, pale chini ya mlango moshi umelala kabisa 😳 ngoja nikatafute mpira wa mlango, AC itasubiri.