MREJESHO: Nilifika Tervuren

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza hapa kama Tervuren, kile kimji cha Waflemi (Wabelgiji wanaosema Kiholanzi) nje ya Brussels, kinafaa kwa mtu mwenye siku moja tu na asiyependa vurugu za mjini. Nimerudi salama, ahsanteni sana.

Aliyesema nipande tramu namba 44 kutoka kituo cha Montgomery, Brussels, Mungu akubariki. Inapita katikati ya msitu wa Zoniënwoud, miti mirefu kushoto na kulia, mpaka unasahau umetoka mjini. Nililipa kwa kugusisha kadi ya benki tu.

Nilipokosea: mlinionya Jumatatu makumbusho ya Afrika yanafungwa, nami nikaenda Jumatatu hiyohiyo, maana ndiyo siku niliyokuwa nayo. Nikakuta mlango umefungwa kweli. Basi nikazunguka bustani na mabwawa yake, bata wengi kuliko watu, kimya mpaka unasikia viatu vyako kwenye kokoto.

Kisha nikafuata ushauri wa yule dada wa Bukavu, nikaenda kwenye kanisa la Mtakatifu Yohane. Pembeni yake kuna makaburi ya Wakongo saba, waliofia hapo mwaka 1897 walipoletwa kuonyeshwa kwenye maonyesho ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Makaburi yamepangwa mstari mmoja. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Chakula sikupata cha maana, migahawa mingi ilikuwa imefungwa. Anayekwenda Jumatatu abebe mkate wake.