Mrejesho: amri ya kuua mazombi imekubali kwenye simu

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini /kill @e[type=zombie,distance=..10], niliyoitoa kwenye video ya Java (Minecraft ya kompyuta), inaleta maandishi mekundu kwenye Minecraft ya simu. Aliyesema simu ni Bedrock (toleo jingine, amri zake zinatofautiana kidogo na za Java) na umbali huku unaandikwa r alilenga penyewe. Nimeandika /kill @e[type=zombie,r=10], mazombi yote ya karibu chali!

Ile limit=1 ya Java, yaani kuchagua mmoja tu, huku ni c=1. Ukiweka c=-1 anachukuliwa aliye mbali zaidi, hii nimeipenda sana. Kwenye /effect (amri ya kujipa nguvu kama kasi), lile neno give la Java lifuteni: /effect @s speed 30 1 inatosha.

Upanga ndio unasumbua. /give ya Bedrock (amri ya kujipa vitu) haikubali kuupa sharpness, uchawi wa kuongeza makali, hapohapo, kwa hiyo naushika kwanza mkononi, halafu /enchant @s sharpness 5.